Simu si flashi: kuhamisha mafaili kwenda kwenye kompyuta

Flashi ikichomekwa, kompyuta inaimiliki yote. Inaisoma memori moja kwa moja, inafungua, inafuta na kuandika itakavyo. Simu za Android za matoleo ya 2.x zilikuwa hivyo hivyo. Kuanzia Android 3, mwaka 2011, Google wakahamia kwenye MTP (Media Transfer Protocol), itifaki, yaani kanuni za vifaa kuzungumza, ambayo Microsoft ilikuwa imeitengeneza kwa ajili ya vifaa vya kuchezea muziki. Walikuwa na sababu: kompyuta ilipoishika memori, simu yenyewe haikuweza kuigusa, na programu zilizowekwa kwenye kadi zilisimama.

Kwa MTP simu haikabidhi memori yake. Ni duka la kaunta: mteja haingii ndani kujichagulia, anaagiza, na muuzaji anakwenda kuleta kitu kimoja kimoja. Kompyuta inaomba orodha, inapewa orodha. Inaomba faili, inatumiwa faili. Kazi moja kwa wakati mmoja. Kero nyingi ambazo watu huzitupia "Windows mbovu" au "simu imechoka" zinatoka hapa.

Lakini kabla ya MTP kuna waya.

Waya wa USB 2.0 una nyuzi nne ndani: mbili za umeme na mbili za data. Nyaya nyingi za bei rahisi, hasa zile zinazokuja na spika, tochi au pawabenki, zina zile mbili za umeme tu. Simu itachaji vizuri kabisa na kompyuta haitaona kitu. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Kipimo ni kimoja: chomeka simu kwenye kompyuta, kisha vuta chini pazia la arifa. Ukiona arifa ya USB inayokuruhusu kubadilisha matumizi, waya una data. Ikiwa simu inachaji kimya bila arifa hiyo, badilisha waya kabla ya kugusa kitu kingine. Usianze na madereva (drivers, programu zinazoitambulisha simu kwa kompyuta), wala usifute na kuweka Windows upya.

Waya ukiwa mzima na bado hakuna kitu, angalia tundu la simu. Vumbi na nyuzi za nguo hujibana ndani hadi kichwa cha waya hakifiki mwisho, na dalili yake ni muunganisho unaokatika ukiigusa simu. Zima simu, tumia kijiti cha meno cha mbao, usitumie pini. Kwenye kompyuta ya mezani, chomeka tundu la nyuma lililo kwenye ubao mama wenyewe. Yale ya mbele hupitia waya wa ndani ambao mara nyingi umelegea.

Waya ukikubali, kwenye Windows 10 na 11 hatua ni hizi. Fungua simu kwa PIN au alama ya kidole na uiache imefunguliwa. Ikifungwa kabla hujachagua, kompyuta itaonyesha jina la simu lakini ndani hakuna kitu. Gusa arifa ya USB na uchague File transfer. Kwenye baadhi ya simu imeandikwa File transfer / Android Auto. Kwa kawaida simu huanza ikiwa kwenye kuchaji tu, na hiyo ni kinga, si hitilafu. Kisha kwenye kompyuta fungua This PC, ingia kwenye jina la simu, halafu Internal shared storage. Picha za kamera ziko DCIM, folda ya Camera. Vilivyopakuliwa viko Download. Kama unaunganisha kila siku, washa Developer options kwa kugusa Build number mara 7, kisha weka Default USB configuration iwe File transfer. Kompyuta isiyo yako isikukute na mpangilio huo.

Windows zenye herufi N mwishoni mwa jina la toleo hazina Media Feature Pack, kifurushi cha Windows cha muziki na video, na bila hiyo MTP haifanyi kazi. Iongeze kupitia Optional features. Mac nayo haina MTP kabisa. Programu ya Google iliyokuwa ikitumika, Android File Transfer, imeondolewa, na ninayoipendekeza badala yake ni OpenMTP, ambayo ni ya bure. Linux nyingi hufungua simu moja kwa moja kwenye meneja wa mafaili.

Kasi na kukwama

USB 2.0 imeandikwa megabiti 480 kwa sekunde, sawa na megabaiti 60. Kwa vitendo tegemea MB 30 hadi 40. GB 20 za video zinapaswa kuchukua dakika kumi hivi. Usidanganyike na umbo la USB-C: simu nyingi za bei ya kati na ya chini zina tundu la USB-C ambalo ndani yake ni USB 2.0 ile ile. Hata iPhone 15 ya kawaida iko hivyo. 15 Pro ndiyo yenye kasi ya USB 3, na waya unaokuja kwenye boksi lake ni wa USB 2, kwa hiyo kasi hiyo huipati mpaka ununue waya mwingine.

Sasa chukua GB 20 hizo hizo, ila ziwe picha za WhatsApp za KB 100 kila moja. Hapo ni mafaili laki mbili, na kila moja linaombwa, linajibiwa na kufungwa kivyake. Kasi inaporomoka, folda inachukua dakika nyingi kufunguka huku ule mstari wa kijani ukitambaa, na mara nyingine muunganisho unakatika katikati. Dawa ni kuyafunga pamoja ukiwa bado kwenye simu. Kwa programu ya ZArchiver, shikilia folda, chagua kubana, tumia zip, na weka kiwango cha kubana kuwa sifuri, kwa sababu picha za JPEG zimeshabanwa tayari na kujaribu kuzibana tena ni kupoteza betri. Faili moja la GB 5 hupita haraka kuliko vipande elfu hamsini. Hakikisha tu simu ina nafasi ya kulibeba hilo zip.

Usifungue wala kuhariri faili likiwa bado ndani ya simu kwa MTP. Itifaki hii haiandiki kipande cha faili. Inaleta lote au inarudisha lote. Nakili kwanza, hariri kwenye kompyuta, rudisha. Na kama umepiga picha sasa hivi na huioni kwenye kompyuta, chomoa waya na uchomeke tena, ikishindikana zima na uwashe simu: orodha ambayo kompyuta inapewa hutoka kwenye rejista ambayo simu inatunza ya mafaili yake, na wakati mwingine rejista hiyo haijasasishwa.

Jambo la tarehe linaumiza watu wanaohamia simu mpya. Picha za kamera zina tarehe ndani ya faili lenyewe, hivyo zitapangika sawa popote. Picha za WhatsApp zimeondolewa taarifa hizo. Ukizirudisha kwenye simu kwa MTP, galari huenda ikazionyesha zote kama za leo, na picha za harusi ya miaka minne iliyopita zikachanganyika na risiti za jana. Jina la faili bado linabeba siku, mfano IMG-20230514-WA0012, kwa hiyo usibadilishe majina hayo hata kama yanachosha macho.

Kwa kazi kubwa, mimi siamini MTP. Natumia adb, zana ya kuiamuru simu kwa maandishi kutoka kwenye kompyuta, iliyomo kwenye kifurushi cha Google kiitwacho platform-tools. Washa USB debugging ndani ya Developer options, chomeka simu, fungua dirisha la amri (Command Prompt) ndani ya folda ya kifurushi hicho, andika adb devices. Simu itauliza kama unaikubali kompyuta hiyo. Ikionyesha unauthorized, hujaikubali. Kisha:

adb pull -a /sdcard/DCIM/Camera D:\Picha

Ile -a hulinda tarehe za mafaili. Mafaili madogo hupita kwa uthabiti ambao MTP haina, na kosa likitokea linatajwa kwa jina la faili. Ukimaliza, zima USB debugging.

Wapi WhatsApp inaficha vitu vyake

Tangu Android 11 folda haiko tena pale mwanzoni. Fuata Android, media, com.whatsapp, WhatsApp, Media. Humo kuna WhatsApp Images, WhatsApp Video, WhatsApp Documents na WhatsApp Voice Notes. Picha, video na nyaraka ulizotuma wewe ziko ndani ya Sent ya folda husika. WhatsApp Business iko com.whatsapp.w4b. Kunakili folda hii kunaokoa picha na sauti, hakuokoi maandishi ya mazungumzo kwa namna ya kusomeka: folda ya Databases imefungwa kwa usimbaji, na hufunguliwa na WhatsApp yenyewe tu, kwa akaunti yako.

Kujitumia picha kwa WhatsApp Web ili zifike kwenye kompyuta kunawezekana, ila zitume kama document. Ukizituma kama picha zinapunguzwa ubora, na ukija kuchapisha kwenye karatasi ya A4 utaona ukungu.

Bila waya, bila kula bando

Watu wengi huhofia kutumia Wi-Fi kwa sababu ya bando. Mafaili yakitoka kwenye simu kwenda kwenye kompyuta ndani ya mtandao mmoja hayapiti kwa mtandao wa simu, kwa hiyo hayakatwi chochote. Hatari iko kwingine: ukiwasha hotspot ya simu na kuunganisha kompyuta, Windows inaweza kuanza kupakua masasisho yake kimyakimya, na bando la wiki likaisha kwa nusu saa. Kwa hiyo zima data ya simu kwanza, ndipo uwashe hotspot. Hotspot inafanya kazi bila data. Kama lazima data iwepo, ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi hiyo kwenye Windows na uwashe Metered connection, inayoiambia Windows kwamba mtandao huo una kikomo.

Baada ya hapo weka LocalSend pande zote mbili. Ni ya bure, chanzo chake kiko wazi, na inafanya kazi Android, iPhone, Windows, Mac na Linux. Kompyuta isipoiona simu, angalia mambo mawili: Windows imeuweka mtandao huo kuwa Public, hivyo ngome yake (firewall) inazuia, ubadilishe uwe Private, au uko kwenye Wi-Fi ya hoteli au chuo ambayo hairuhusu vifaa kuonana, na hapo hotspot yako mwenyewe ndiyo suluhisho. Hotspot ya 2.4 GHz hutoa MB chache tu kwa sekunde. Kama simu na kompyuta zote zina 5 GHz, ichague kwenye mipangilio ya hotspot, tofauti ni kubwa sana. Bluetooth iache kwa namba za simu na nyaraka ndogo: kwa KB 200 hivi kwa sekunde, GB 1 ni karibu saa moja na nusu.

iPhone kwa Windows ina sheria zake. Fungua simu, gusa Trust, weka PIN. Utaona picha na video tu, mengine hupita kwenye programu ya Apple Devices au iTunes. Nakala ikikatika kwa ujumbe wa "A device attached to the system is not functioning", tatizo ni iPhone kujaribu kugeuza picha za HEIC, muundo wa picha wa iPhone, ziwe JPEG wakati wa kuzituma. Kwenye mipangilio ya Photos, chini kabisa, badilisha Transfer to Mac or PC kutoka Automatic kwenda Keep Originals. Na picha zilizohifadhiwa iCloud kwa Optimize iPhone Storage hazitaonekana kwa ukamilifu, kwa sababu nakala kamili haimo kwenye simu.

Stationery na flashi

Kuchapisha karatasi mbili si sababu ya kuchomeka simu iliyofunguliwa kwenye kompyuta ambayo kila mtu mtaani anaitumia. Ukichagua File transfer, picha zako zote ziko mbele ya aliyekaa kwenye kiti. Nunua flashi ya OTG yenye vichwa viwili, USB-C na USB ya kawaida, weka humo faili unalolihitaji tu. Iformati kwa FAT32 au exFAT, mifumo ya kupanga mafaili ndani ya flashi. FAT32 husomwa na karibu kila simu, lakini haibebi faili moja la GB 4 au zaidi, hata kama flashi ina GB 60 tupu. Simu nyingi mpya husoma exFAT, na nyingi hazisomi NTFS, mfumo wa Windows. Flashi ikirudi nyumbani na mafaili yamegeuka kuwa vivuli vya njia ya mkato (shortcut), usiviguse kwa kubofya: ni virusi. Mafaili halisi kwa kawaida bado yamo, yamefichwa. Washa Hidden items, na yasipoonekana tumia amri attrib -h -r -s /s /d ukiwa ndani ya flashi hiyo.

Kadi ya memori iliyofanywa kuwa sehemu ya memori ya ndani ya simu, jambo lililoanza na Android 6, haisomeki nje ya simu hiyo. Imesimbwa. Usiitoe kuipeleka kwa fundi ukidhani picha ziko salama. Zinakili zikiwa bado ndani ya simu iliyo hai.

Mwisho wa kazi, usitumie Cut. Tumia Copy, linganisha idadi ya mafaili na ukubwa wa folda pande zote mbili, fungua video chache hadi mwisho wake, hasa ile ya mwisho kunakiliwa. Kwa faili moja muhimu, kwenye Command Prompt, andika certutil -hashfile likifuatiwa na jina la faili na SHA256, na ulinganishe namba na nakala ya pili. Kufuta fanyia kwenye galari ya simu, si kwenye kompyuta: faili lililofutwa kwa MTP haliendi Recycle Bin, limekwenda moja kwa moja, wakati galari nyingi hulitunza kapuni kwa siku 30. Kama galari yako ni Google Photos na backup imewashwa, kufuta hapo kunafuta na nakala ya mtandaoni. Tumia Free up space, inayoondoa zile tu zilizokwisha kuhifadhiwa. Nafasi ya simu hairudi mpaka kapu limwagwe, kwa hiyo limwage siku utakapokuwa umezifungua picha kwenye kompyuta na kuziona.