Programu ya magofu ya Kaole ipimwe Kaole kwenyewe

Ukielekeza kamera ya simu kwenye kuta za msikiti wa kale wa Kaole, kilomita chache kutoka mjini Bagamoyo, programu ya uhalisia ulioboreshwa inaweza kukuchorea paa lililoanguka zamani likiwa limesimama mahali pake. Ni teknolojia inayoufaa sana mji huu. Ila kabla ya kuwapa wageni, tujue kwanza: je, mtu asiyewahi kuiona ataiweza, tena saa saba mchana, jua la utosi?

Kiwango cha ISO 9241-11 hupima urahisi wa matumizi kwa kuangalia kama mtumiaji amefikia alichokusudia, ametumia juhudi kiasi gani, na ameridhika au la. Vyote hutazamwa katika mazingira halisi ya matumizi, na mazingira ya Kaole hayapatikani ofisini. Mwanga hufifisha skrini. Maandishi meupe hupotea juu ya mawe ya matumbawe yaliyopauka. Mkono ulioinua simu huchoka. Mtu akiushusha, paa nalo linatoweka. Na mgeni anayerudi kinyumenyume ili kaburi lenye mnara mrefu lienee kwenye skrini haoni kwamba kisigino chake kinakaribia kaburi jingine. Hapo pana usalama na heshima ya marehemu, na kwangu hiyo ni kasoro kubwa kuliko zote.

Mpe mtu kazi mahususi, kwa mfano: "Tafuta kibla, kile kishubaka cha ukutani anaposimama imamu, uone kilivyokuwa." Mwombe aseme kwa sauti anachokiwaza, nawe unyamaze. Ukishaanza kumwelekeza, unapima maelekezo yako. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi, alishauri kuanza na watu watano, rekebisha, kisha ujaribu tena. Wasiwe vijana wa kompyuta watupu: aje muongoza watalii, mwalimu wa shule, na mama mwenye simu ya bei nafuu.

Dodoso lifuate baadaye. Lile la SUS, la kupima urahisi wa matumizi wa mfumo wowote, alilolitunga John Brooke mwaka 1986, lina sentensi 10 na alama 0 hadi 100. Wastani unaotajwa sana ni 68. Haligusi uchovu wa mkono, ndiyo maana napendelea kuongeza HARUS, dodoso la mwaka 2014 la uhalisia ulioboreshwa kwenye vifaa vya mkononi: sentensi 16, nusu kuhusu kuishika na kuiendesha simu, nusu kuhusu kuelewa kinachoonekana. Zisomwe kwa Kiswahili chepesi. Watu wetu wana staha, huwapa wageni wao alama nzuri hata walipotaabika, kwa hiyo daftari la uliyoyaona lina uzito zaidi. Alama zikiwa 80 na watatu kati ya watano hawakukiona kibla, programu irudi kwa watengenezaji.