Patapata Ikiandikiwa Insha

Kila muhula hapa Lamu nasahihisha insha za bidhaa: simu, soda, sabuni, kalamu. Mada huzichagua wanafunzi wenyewe, na bado nyingine hunisinzisha kabla ya aya ya pili. Kipaji wanacho. Kinachowaponza ni mambo wanayoyaamini kuhusu insha, na mengine tumewatia vichwani sisi walimu.

Dhana: Bidhaa inayojulikana na kila mtu haina jipya.

Ukweli: Tunaijua kwa jina tu. Kalamu ya Bic imekuwa sokoni tangu 1950, lakini uliza darasa zima kile kitundu cha ubavuni ni cha nini. Wengi hawajapata hata kukiona! Kinapitisha hewa ili msukumo wa ndani ulingane na wa nje, wino ushuke. Tundu la kwenye kifuniko lina kazi nyingine kabisa: mtoto akikimeza kikamkwama kooni, hewa ipate pa kupenya. Mvulana mmoja aliandika juu ya matundu hayo mawili, basi. Niliisoma nimesimama mlangoni, chai ikapoa.

Dhana: Lazima uanze na historia ya kampuni.

Ukweli: Coca-Cola ilibuniwa Atlanta mwaka 1886 na mfamasia John Pemberton. Sentensi hiyo nimekutana nayo mpaka naijua kwa moyo, na haijanitia hamu ya kusoma inayofuata. Mwaka hauna ladha mpaka msomaji aone ulibadilisha nini. Binti mmoja alianza na bibi yake kisiwani Pate, akingojea pesa za mwanawe wa Mombasa zilizopewa nahodha azilete. Mashua ikichelewa, jikoni kunalala. Hapo ndipo akaandika kuwa M-Pesa ilianza Machi 2007. Tarehe niliyoisoma mara mia, siku hiyo ikanigusa.

Dhana: Msamiati mzito huipamba insha.

Ukweli: "Kifaa adhimu mithili ya lulu" ni simu ya nani hiyo? Nawaambia waandike neno la nyumbani. Kandambili tayari inakuhesabia kanda zake. Patapata inakupa mlio wa mtu anayekuja uchochoroni kabla hujamwona.

Dhana: Faida tano, hasara tano, hitimisho.

Ukweli: Mpango huo humsaidia asiye na la kusema, na mimi nimeufundisha miaka mingi, Mungu anisamehe. Insha yenyewe husomeka kama kumbukumbu za mkutano. Aliyeandika kuhusu patapata hakuhesabu hasara hata moja. Aliifuata yake ilipokatika kanda, ikatiwa msumari chini, ikakatika tena, ikatupwa, maji yakaichukua. Kisha akaeleza habari ya Flipflopi, jahazi lililoundwa hapa Lamu kwa plastiki iliyookotwa, likavikwa vipande vya patapata zipatazo 30,000, na mwaka 2019 likasafiri hadi Unguja. Alijiuliza kama yake imo ubavuni mwa chombo hicho. Uchafuzi wa bahari hakuutaja kwa jina, na sikuona ulipokosekana.

Dhana: Isifu bidhaa, usiikosoe.

Ukweli: Hilo ni tangazo la redio.

Dhana: Ndefu ndiyo bora.

Ukweli: Ya patapata ilikuwa na aya nne.