Corvair na upepo wa matairi yake

Kila ninapoulizwa kuhusu Chevrolet Corvair, gari dogo la Marekani, mazungumzo huanzia kwenye kitabu cha Ralph Nader, mwanasheria Mmarekani aliyelishutumu kuwa si salama, ilhali mimi, niliyezoea kulikagua gari nikiwa uvunguni, huona heri tuanzie kwenye ekseli ya nyuma.

Corvair iliingia sokoni mwishoni mwa 1959, wakati Wamarekani walipokuwa wakinunua Volkswagen kwa wingi na viwanda vya Detroit vikalazimika kujibu kwa magari madogo. Ford Falcon lilikuwa gari la kawaida lililopunguzwa ukubwa tu, lakini Chevrolet, ikiongozwa na mhandisi Ed Cole, iliweka nyuma injini ya aluminiamu yenye silinda 6 zilizolala, inayopozwa kwa hewa bila rejeta. Feni ililala juu ya injini, hivyo mkanda wake ulilazimika kujipinda, kazi ambayo fundi yeyote angeinung'unikia.

Kwa kuwa sehemu kubwa ya uzito ilikuwa nyuma, na ekseli zilikuwa na kiungo upande wa difu (kisanduku cha gia kinachogawa nguvu kwa magurudumu) pekee, gurudumu la nyuma liliinama kila lilipopanda au kushuka. Kwenye kona kali, la upande wa nje liliweza kujikunja chini ya bodi, na gari likamponyoka dereva. Kinga iliyotegemewa ilikuwa upepo wa matairi: pauni 15 kwa inchi ya mraba mbele, 26 nyuma. Hapo ndipo ninapowalaumu wahandisi, kwa sababu dereva wa kawaida hujaza upepo sawa matairi yote manne, na usalama wa gari haufai kutegemea kumbukumbu ya mtu aliye kwenye kituo cha mafuta.

Kasoro hiyo ilipunguzwa katika toleo la 1964 kwa kuongeza springi ya kukingama nyuma na chuma cha kuzuia gari kulalia upande mbele, kisha toleo la 1965 likaja na mfumo mpya kabisa wa kushikilia magurudumu ya nyuma. Kitabu cha Nader, ambacho sura yake ya kwanza ilishambulia matoleo ya 1960 hadi 1963, kilitoka Novemba 1965. Kiliumiza mauzo, lakini nadhani Ford Mustang, iliyotoka Aprili 1964 kwa bei nafuu na injini kubwa zaidi, iliumiza vilevile.

Utengenezaji ulikoma Mei 1969. Ripoti ya serikali ya Marekani iliyosema kwamba Corvair ya 1960 hadi 1963 haikuwa hatari kuliko magari mengine ya wakati wake ilitolewa 1972.