Fredericksburg: wanayodhani wageni na yaliyopo

Ukitaja Fredericksburg, mji mdogo wa Virginia kati ya Washington na Richmond, wengi hudhani kuna uwanja mmoja mpana nje ya mji: unafika, unapiga picha, unageuza. Sivyo. Hapo na jirani zake palipiganwa mapambano makubwa manne ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani: Fredericksburg kwenyewe Desemba 1862, Chancellorsville 1863, kisha Wilderness na Spotsylvania Court House 1864. Yote yamo ndani ya hifadhi moja iliyoanzishwa 1927, na bila gari huyamalizi.

Tena yale ya 1862 yalianzia mjini. Tarehe 11 Desemba, jeshi la Kaskazini, yaani la serikali ya Marekani, chini ya jenerali Burnside liliupiga mji mizinga, likavuka mto Rappahannock kwa madaraja ya mashua, likapigana mtaa kwa mtaa. Tarehe 13 likakikabili kilima cha Marye's Heights, kikosi kikianguka kingine kinafuata, huku askari wa Kusini, yaani wa majimbo yaliyojitenga, wakifyatua risasi nyuma ya ukuta wa mawe. Kaskazini walipoteza zaidi ya 12,000, waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea. Kusini kama 5,000. Mgeni husimama ukutani akiutafuta uwanja walioukimbilia. Anaona nyumba za watu. Uwanja ndio huo, umejengwa.

Na ukuta je, ni ule ule? Kipande tu, sehemu kubwa imejengwa upya. Anayetaka kitu cha siku ile achungulie Innis House, nyumba ndogo iliyo hapo hapo ukutani: kuta zake za ndani bado zina matundu ya risasi. Ila usije na kifaa cha kutafutia vyuma ukitarajia kuokota risasi zenyewe. Ni kosa kisheria.

Makaburi ya kilimani nayo hudhaniwa ni ya pande zote mbili. Wamelala humo askari zaidi ya 15,000 wa Kaskazini, juu ya kilima kile kile walichoshindwa kukipanda. Wa Kusini wana makaburi yao kwingine mjini. Wengi wa hao wa kilimani hawajulikani majina. Inama usome vijiwe vifupi: namba ya juu ni ya kaburi, ya chini ni idadi ya waliozikwa pamoja humo.

Dhana inayoniudhi zaidi ni kwamba hii ni habari ya majenerali tu. Miezi minane kabla Burnside hajauvuka mto kuingia mjini, John Washington, mtumwa wa hapo hapo, aliuvuka kutoka, akaingia upande wa jeshi la Kaskazini na kuwa huru. Ilikuwa tarehe 18 Aprili 1862, na baadaye aliandika mwenyewe kumbukumbu zake. Mwaka huo watumwa wapatao 10,000 wa eneo hilo walijikomboa kwa njia hiyo hiyo. Jiwe la mnada wa watumwa lilibaki kwenye kona ya mtaa wa William na Charles hadi 2020, lilipong'olewa. Sasa liko katika makumbusho ya mji, mwendo mfupi kwa miguu kutoka kona hiyo.