Frikiki ya Ronaldo: jina kubwa, mavuno haba

Tangu Cristiano Ronaldo atoke Sporting ya Lisbon kwenda Manchester United mwaka 2003, vijana viwanjani wameiga mengi yake, lakini hakuna kinachoigwa kama ule msimamo wa kabla ya frikiki: hatua chache kinyumenyume, miguu imetanuka, kifua mbele, pumzi ndefu. Msimamo haufungi goli. Siri iko pale mguu unapokutana na mpira.

Mpira wa kupinda huzunguka, na kipa mzoefu huusoma. Ronaldo alitaka mpira usizunguke, kama Mbrazili Juninho Pernambucano alivyokuwa akifanya Lyon ya Ufaransa. Mpira usiozunguka huachana na hewa bila mpangilio, mara upande huu mara ule, ndiyo maana huyumba na kuzama ghafla. Kaza kifundo cha mguu kisilegee hata kidogo, gonga katikati hasa ya mpira kwa mfupa wa juu ya wayo, kisha uzuie mguu mapema usipae. Ukigonga kando kidogo, umeshaupa mzunguko. Ukigonga chini mno, unaufuata jukwaani. Tundu la kujazia upepo, ambalo wengi hulielekeza kwao, si dawa. Ni alama tu ya kulenga.

Pigo likikubali, ndiyo yale ya Januari 2008, David James, kipa wa Portsmouth, anautazama mpira ukiingia pembe ya juu.

Lakini umbali ndio unaowaponza wengi. Ukuta wa wachezaji husimama mita 9.15 kutoka kwenye mpira, na mwamba wa goli uko mita 2.44 juu. Mpira wa kilomita 90 kwa saa hukata mita 25 kwa sekunde moja. Ukipigia mita 20, una sekunde 0.8 tu za kupanda juu ya vichwa na kurudi chini. Bila mzunguko wa kuushusha, hautoshi: ama unagonga ukuta, ama unapita juu. Kuanzia mita 30 pigo hili lina maana, kama lile la Ronaldo uwanjani Emirates dhidi ya Arsenal, Mei 2009. Karibu na boksi, mpe anayejua kupinda.

Ronaldo alipokuwa Juventus ya Italia, klabu ilikuwa nao wapindaji hao, Miralem Pjanić na Paulo Dybala, ila mpira ulikwenda kwa mwenye jina. Frikiki yake ya kwanza kuingia huko, dhidi ya Torino Julai 2020, ilikuwa jaribio la 43. Ikawa ya kwanza na ya mwisho. Wale milioni 500 waliokuwa wakimfuata Instagram kufikia Novemba 2022 hawakujali, na sidhani walihesabu.

Na ile ya Kombe la Dunia huko Sochi mwaka 2018, dakika ya 88 dhidi ya Hispania, iliyofanya matokeo kuwa 3-3? Wengi huitaja kama mfano wa mpira wa kuyumba. Itazame tena polepole: aliupitisha pembeni mwa ukuta, akaupinda.