"Mwalimu, si ilikuwa wazi kabisa hapa?" Dhana potofu kuhusu kukagua biashara zako za hisa kwenye chati

Wiki haiishi bila mtu kunitumia picha ya chati kwenye WhatsApp ikiwa na mishale miwili: wa kijani wa kununua pale bei ilipogusa chini kabisa, mwekundu wa kuuza kileleni. Chini yake swali ni lilelile: "Mwalimu, si ilikuwa wazi kabisa hapa? Mbona sikuona?"

Hukuona kwa sababu siku ile hakukuwa na cha kuona. Leo naandika ili nisijibu tena mmoja mmoja.

Dhana: Ukiirudia chati ya nyuma, inakuonyesha ulipopaswa kuingia na kutoka

Ukweli: chati unayoitazama leo ina upande wa kulia. Siku uliyobonyeza kununua, upande huo ulikuwa mtupu. Sakafu ya bei inaitwa sakafu kwa sababu ya mishumaa (vile vijiti vya chati, kila kimoja kikionyesha bei ya kipindi kimoja, kama siku) iliyokuja baadaye ikapanda. Ifute hiyo mishumaa, na sakafu yako inakuwa siku nyingine tu ya bei kushuka.

Fanya jaribio hili. Fungua chati ya fahirisi ya S&P 500 ya Marekani, yaani kipimo cha pamoja cha bei za hisa za kampuni kubwa zipatazo 500, kisha ufiche kila kitu baada ya tarehe 6 Januari 2009. Utaona anguko kubwa la 2008, halafu bei inafika 752 tarehe 20 Novemba, kisha inapanda hadi 934 siku hiyo ya Januari. Hiyo ni zaidi ya asilimia 24 kwa wiki chache. Mtu yeyote angechora mshale wa kijani pale Novemba na kusema mambo yamekwisha. Sasa fichua: tarehe 9 Machi fahirisi ilifunga 676. Wanaoniletea mshale wa Machi 2009 na kusema "ilikuwa wazi" hawajawahi kuniletea ule wa Novemba, na mishale hiyo miwili, kila mmoja kwa siku yake, inafanana kabisa.

Viashiria, yaani mistari na alama ambazo programu hukokotoa kutoka kwenye bei, navyo huchangia udanganyifu huu. Zigzagi, mstari unaounganisha vilele na mabonde ya bei, huchora upya mguu wake wa mwisho kila bei inaposonga, kwa hiyo ukiitazama nyuma ni maridadi, haijakosea hata siku moja. Fraktali, alama inayowekwa kwenye kilele au bonde, ndiyo inayowaumiza wengi: inahitaji mishumaa miwili ifungwe baada ya kilele au bonde ndipo ijitokeze, lakini ikijitokeza inawekwa nyuma, juu ya mshumaa wa katikati. Ukikagua biashara yako miezi miwili baadaye, utaapa kwamba alama ilikuwepo siku ile. Haikuwepo. Ilikuja siku mbili baadaye, na bei ilikuwa imeshakimbia.

Basi kagua hivi. Programu ya chati ya TradingView ina kitufe kilichoandikwa Replay kinachokata chati mahali unapotaka na kukuachia mshumaa mmoja mmoja, na programu nyingine kadhaa zina kitu cha namna hiyo. Kata chati kabla ya siku uliyoingia. Futa michoro yote uliyochora baadaye, yote. Andika kwenye karatasi kama ungenunua, kwa bei gani, kikomo cha hasara (bei ambayo ikifikiwa unauza ili usipoteze zaidi) ungekiweka wapi, na kwa nini. Ndipo usogeze mbele. Na kama ulinunua saa tano asubuhi, usikague kwa mshumaa wa siku nzima, maana umebeba bei ya kufunga ambayo saa tano hukuwa nayo. Shuka kwenye mishumaa ya dakika 15.

Kuna tatizo moja ambalo kitufe hicho hakitatui: biashara ni yako, matokeo unayakumbuka. Mwambie mwenzako akuchagulie hisa na tarehe, akufichie jina. Lakini dawa ninayoiamini kuliko zote ni ya bure: siku unayoweka oda, piga picha ya skrini na uandike mistari mitatu ya sababu. Nimeshasema hadi nimechoka. Watu wako tayari kulipia programu ya mwaka mzima, ila kuandika mistari mitatu wanaona kazi.

Dhana: Iliyoleta faida ilikuwa biashara nzuri

Hapana. Uliyonunua kwa uvumi wa kikundi cha Telegram ikapanda ni bahati. Uliyofuata mpango wako ikagonga kikomo cha hasara huenda ilikuwa sahihi kabisa. Kagua za faida kwa ukali uleule, na usibadili mpango kwa sababu ya biashara tatu.

Dhana: Faida ni bei ya kutoka toa bei ya kuingia, chati imeshanionyesha

Chati haijui ada zako. Tuseme umenunua hisa 1,000 hapa Nairobi kwa shilingi 15, ukauza kwa 15.40, na ada zote ni asilimia 1.8 kila upande. Umepata 400 kwenye chati. Ada ya kununua ni 270, ya kuuza 277.20. Umepoteza shilingi 147.20, na mshale wako bado ni wa kijani! Tena kwa kaunta (hisa za kampuni fulani sokoni) zisizochangamka, bei ya chati ni ya muamala wa mwisho, pengine wa hisa mia moja tu; aliyetaka kuuza elfu kumi hakuipata. Ukaguzi unaanza na taarifa ya dalali, chati inafuata.

Dhana: Bei ya zamani haibadiliki

Inabadilika. Aliyenunua hisa za Nvidia, kampuni ya Marekani, mwanzoni mwa Januari 2024 alilipa karibu dola 480 kwa hisa moja. Leo chati inamwonyesha 48, naye anadhani dalali alimwibia. Kampuni iligawa kila hisa kuwa kumi mwezi Juni mwaka huo, na programu hurekebisha historia yote. Gawio pia: kwenye TradingView, ukiwasha ADJ, kitufe cha kurekebisha bei kwa gawio lililolipwa, bei za nyuma zinashushwa, na kile kikomo ulichokiweka kwenye namba nzima kinaonekana kimewekwa kiholela. Zima ADJ unapokagua.

Dhana: Nikiongeza viashiria nitaliona kosa

RSI, MACD na stokastiki zote zinakokotolewa kutoka bei ileile. Ukiweka vitano, kimoja lazima kikubaliane nawe. Bakiza vile ulivyokuwa navyo siku ile.

Dhana: Saa ni saa

Hili ni dogo ila linaharibu daftari zima la wanaonunua hisa za Marekani. New York hufungua saa kumi na nusu jioni kwetu wakati wa majira yao ya joto, na saa kumi na moja na nusu wakiwa kwenye majira ya baridi. Hubadili saa Machi na Novemba, sisi hatubadili. Oda ya dakika kumi baada ya kufungua inaweza kuwekewa alama kwenye mshumaa uliokuja saa nzima baadaye, na mtu anakesha akijilaumu kwamba alichelewa kuingia. Weka chati kwenye saa za Nairobi, kisha angalia taarifa ya dalali imeandikwa kwa saa za wapi, kabla hujachora alama hata moja.