Kuzima Lokesheni Si Kutoweka

Dereva mmoja wa watalii alinijia ofisini, hapa Kaloleni jijini Arusha, akiwa na uhakika kwamba kuna mtu anaichezea simu yake. Miezi kadhaa nyuma alikuwa amezima kumbukumbu ya maeneo kwenye akaunti yake ya Google. "Kaka, lokesheni nimeshaizima," aliniambia, "sasa hii imejuaje kwamba juzi nililala Karatu?"

Nilifungua picha aliyoipiga Makuyuni siku alipopata pancha. Kwenye maelezo ya picha kulikuwa na tarehe, saa, na nambari za latitudo na longitudo, kila moja ikiwa na tarakimu tano baada ya nukta. Tarakimu hiyo ya tano ni sawa na takribani mita moja ardhini, kwa hiyo picha ile ilitaja Makuyuni na pia upande wa barabara alikoegesha gari. Alikuwa amefunga daftari moja tu la kumbukumbu za alikopita, ilhali kamera ilikuwa na la kwake, na akaunti ileile ilikuwa na jingine linalohifadhi shughuli za wavuti na programu. Mkanganyiko huu haukuanza na yeye: Agosti 2018 shirika la habari la Associated Press lilionyesha kwamba mtu aliyezima kumbukumbu ya maeneo aliendelea kuandikiwa alikopita kupitia daftari hilo la pili. (Picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, nambari hizo huondolewa, ikitumwa kama faili la hati, huenda nazo.)

Wengi wanaokuja kwangu huilaumu GPS, nami hulazimika kuitetea. Setelaiti zake, zilizo kilomita 20,200 hivi juu yetu, hutangaza saa na mahali zilipo, na simu husikiliza tu, kisha hukokotoa ilipo kwa kulinganisha mawimbi ya setelaiti zisizopungua nne. Hakuna setelaiti inayojua kwamba simu yako ipo. Anayetoa habari ni programu iliyopewa ruhusa ya kusoma jibu hilo na yenye bando la kulipeleka kwingine.

Hata bila GPS, simu haikosi kujulikana ilipo. Mtandao wa simu lazima ujue uko karibu na mnara upi, vinginevyo hautaweza kukufikishia simu unayopigiwa. Katika teknolojia ya GSM, yaani mtandao wa 2G, muda ambao mawimbi hutumia kufika mnarani hukadiria umbali wako kwa hatua za mita 550 hivi. Katikati ya jiji, minara ilikosongamana, makisio hayo huwa ya karibu zaidi kuliko huko Monduli. Ndani ya jengo la Barabara ya Sokoine, ambamo mawimbi ya setelaiti hufika kwa shida, simu husoma vitambulisho vya waifai za majirani na kuvilinganisha na orodha kubwa iliyokusanywa na simu nyingine zilizokwisha kupita hapo, hata kama wewe hujaunganishwa na waifai yoyote.

Kampuni hupenda kusema kwamba data hizo hazina majina. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliochunguza nyendo za watu milioni 1.5, uligundua kwamba nukta nne tu za mahali na wakati zilitosha kumtofautisha mtu mmoja na wengine wote kwa asilimia 95 yao. Simu inayolala Sakina kila usiku na kuamkia geti lilelile la kampuni ya utalii imeshamtaja mwenyewe. Mwaka huohuo, mamlaka za Marekani ziliibana programu ya tochi, narudia, tochi, iliyokuwa ikiwapelekea watangazaji mahali alipo mtumiaji kabla hata hajakubali masharti.

Kwa hiyo sikumzimia dereva kila kitu, maana ramani ni mkate wake. Tulipitia ruhusa moja baada ya nyingine: ramani ikabaki na ruhusa ya kusoma mahali inapotumika tu, chaguo lililoingia Android mwaka 2019, programu ya hali ya hewa ikapewa eneo la kukadiria, kwani mvua ya Karatu haihitaji mita; kamera, michezo miwili na kikokotoo cha mikopo tukavinyima kabisa. Kikokotoo kile ndicho kilichonikera zaidi.

Alipokuwa akiondoka aliuliza, "Na kile kifaa cha kufuatilia walichofunga kazini kwenye gari?" Nikamweleza kwamba hicho hakimo mikononi mwake wala mwangu, lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inampa haki ya kuuliza ni taarifa zipi zinazomhusu zinazokusanywa na kwa madhumuni gani, na kwamba asiporidhika na jibu anaweza kupeleka malalamiko kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Aliomba karatasi, akaketi tena, na barua kwa mwajiri wake tukaiandika palepale.